Acheni kufanya jina la Embiid kuwa tusi



Leo sina habari ya barabara wala ya mgao wa unga. Nataka kusema juu ya basketi. Najua kuna wazee watakaotaka kuzima radio hapa hapa. Papa, mama, vumilieni kidogo, kwa sababu jambo hili lilianzia kwenye basketi likaishia kwenye mlango wa bache ya mtu.

Jumapili moja mwaka 2024 nilikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu, pale vijana wetu wanapokutana kubishana. Hoja ilikuwa Joel Embiid, yule Mkameruni mrefu wa timu ya Philadelphia 76ers. Msimu mpya wa NBA ulikuwa umeanza mwezi wa kumi, na hadi siku hiyo yeye alikuwa hajaingia uwanjani hata mara moja. Kijana mmoja akapaza sauti: "Ule mutu iko mwoga tu. Akisikia Jokić, goti inaanza kumuuma." Wenzake wakashangilia. Papa mmoja, mhami kutoka milima ya Masisi, aliyekuwa akingojea simu yake, akasema polepole kwamba mtu mgonjwa aachwe apone. Kijana akamgeukia: "Papa, ni kwa sababu na ninyi mulikimbia sawa Embiid."

Watu walicheka mpaka mwenye kibanda akatoka nje kuangalia kuna nini. Mzee hakujibu. Alichomoa simu yake ikiwa bado haijajaa, akalipa pesa yote, akaenda.

Nami nilicheka. Niseme ukweli huo mwanzoni, ili mtu asije akauleta baadaye.

Tangu siku hiyo nimetega sikio, na nimeona kwamba neno lile si la kijana mmoja. Mtoto akikataa kwenda kuchota maji giza limeingia, anaitwa Embiid. Motari akikataa kupeleka abiria Sake jioni, Embiid. Baba aliyehamisha watoto wake siku moja kabla ya majirani, huyo ni Embiid mkubwa. Jina la mtu aliye hai, mwenye kazi yake na familia yake, limekuwa njia ya kumwambia mtu "mwoga" bila kulitamka neno lenyewe.

Mimi nasema vijana wamekosea mara mbili. Wamemkosea Embiid, na wamewakosea wazazi wetu. Ninaanza na Embiid, kwa kuwa habari zake zina tarehe na hesabu ambazo kila mtu mwenye simu anaweza kuzitazama.

Kwanza niwape haki yao. Mwezi wa kumi na moja 2024 ilitimia miaka mitano tangu Embiid acheze katika mji wa Denver. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 2019. Denver ni nyumbani kwa Nikola Jokić, Mserbia, ambaye amechukua tuzo ya mchezaji bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024. Ile ya 2023 ilikwenda kwa Embiid. Wote wawili ni wachezaji wa katikati, wote wakubwa wa mwili, na kwa miaka hiyo tuzo moja walikuwa wakiigombania wao. Basi mtu akiona kwamba huyu haonekani kamwe kwenye uwanja wa yule, ana haki ya kuuliza. Swali ni halali. Nisichokubali ni jibu wanalolitoa kabla hawajamaliza kuuliza.

Wengine wanasema Embiid anaogopa hewa ya Denver kwa sababu mji uko juu sana, mita 1,609. Hilo nililisoma nikacheka peke yangu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tunaishi juu ya ziwa. Mtoto wa hapa anapanda kilima na bidoni ya maji mgongoni na akifika anakwenda kucheza mpira. Tuache basi habari ya hewa.

Tangu ile 2019 hadi mwezi wa kumi na moja 2024, timu ya Philadelphia ilirudi Denver mara nne. Mwezi wa tatu 2021, goti la Embiid lilikuwa limeumia majuma mawili na zaidi kabla, kwenye mechi ya Washington, naye hakuwa akicheza na timu yoyote, ngumu wala nyepesi. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo alikuwa na korona, na alipopona alisema kwamba ilifika mahali akadhani hataponyoka. Mwezi wa tatu 2023 walisema ni shavu la mguu. Hiyo moja nakubali tubishane, kwa sababu siku chache kabla alikuwa uwanjani, na kura za mchezaji bora zilikuwa karibu. Mtu akiniambia kwamba siku ile yeye na timu yake walipiga hesabu, sitapigana naye. Ya nne ni ile ya mwezi wa kwanza mwaka 2024, na nitaifikia, maana hiyo ndiyo iliyonitoa usingizini.

Kabla ya hapo nijibu hili la "anamwogopa Jokić". Tarehe 28 mwezi wa kwanza 2023, Jokić alikuja Philadelphia. Embiid alimfunga pointi 47 na kudaka mipira 18 chini ya kikapu, na timu yake ikashinda. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 2024 walikutana tena Philadelphia. Embiid pointi 41, Jokić 25, na Philadelphia ikashinda tena, 126 kwa 121. Ni mwoga gani huyu anayemfunga pointi 47 yule anayemwogopa?

Kijana wangu wa kibandani atasema: hizo ni nyumbani kwake, kila jogoo hujigamba kwenye boma lake. Vizuri. Twende Paris, ambako si kwa mmoja wala kwa mwingine. Tarehe 8 mwezi wa nane 2024, nusu fainali ya Olimpiki, Marekani na Serbia. Embiid alichezea Marekani (na kuna Wakameruni na Wafaransa ambao bado hawajamsamehe kwa hilo, hiyo ni kesi nyingine). Serbia iliongoza sehemu kubwa ya mechi. Mwishoni Marekani ikashinda 95 kwa 91, na Embiid alikuwa na pointi 19, akibanana na Jokić bega kwa bega. Ninyi wenyewe mliitazama. Nakumbuka kelele zenu.

Na kuhusu kucheza akiwa anaumwa, nani ana historia kama yake? Alichaguliwa na Philadelphia mwaka 2014, na misimu miwili ya kwanza hakucheza kabisa kwa ajili ya mfupa wa mguu. Mwaka 2021 alicheza mechi za mtoano gegedu la goti lake la kulia likiwa limechanika. Mwaka 2022 mfupa wa pembeni ya jicho ulivunjika, akavaa kinyago akarudi uwanjani, na kidole gumba kimefungwa. Mwezi wa nne 2024 nusu ya uso wake ilikuwa imepooza, jicho moja halifumbiki vizuri, mdomo umekwenda upande. Akawafunga New York pointi 50. Watoto walimcheka sura yake kwenye simu. Hapo hakuna aliyemwita shujaa.

Sasa nije kwenye usiku wa Denver.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 27 mwezi wa kwanza 2024. Kwetu usiku wa manane ulikuwa umepita. Siku tano kabla, Embiid alikuwa amewafunga San Antonio pointi 70, jambo ambalo katika timu ya Philadelphia hakuna aliyewahi kulifanya. San Antonio mwaka ule walikuwa kati ya timu dhaifu kabisa za ligi, na hii ndiyo silaha kubwa ya wanaomshtaki: kwa wanyonge pointi 70, kwa Jokić hayupo. Denver uwanja ulijaa. Embiid alitoka kupasha mwili moto. Dakika chache kabla ya mpira kurushwa ikatangazwa kwamba hatacheza, goti la kushoto. Mashabiki wa Denver wakaanza kuimba wakiuliza Embiid yuko wapi. Philadelphia ikapoteza, 111 kwa 105.

Asubuhi yake niliandika mzaha. Kuna walioniambia mpaka leo wanaukumbuka. Niliandika kwamba Embiid ameonekana akitoka Denver mgongoni mwa pikipiki, amebeba godoro. Ulipendwa sana. Watu waliusambaza kutoka Sake mpaka Minova.

Siku tatu baada ya Denver, tarehe 30, Philadelphia ilikuwa San Francisco kucheza na Golden State. Embiid aliingia. Kila aliyetazama aliona kwamba mtu huyu hayuko sawa: alirusha mara 18, zikaingia 5. Alikuwa akitembea kama mtu aliyekanyaga msumari. Robo ya mwisho mpira ukaanguka chini, watu wakaugombania, na mchezaji wa Golden State akamwangukia kwenye mguu ule ule wa kushoto. Gegedu la goti likaharibika. Mwanzoni mwa mwezi wa pili akapasuliwa. Hakurudi hadi mwezi wa nne, na msimu mzima alicheza mechi 39 tu. Alikuwa akifunga wastani wa pointi 35 kwa mechi, na wengi walikuwa wakimhesabia tuzo ya pili. Tuzo ikaenda kwa Jokić.

Na yule aliyemwangukia ni nani? Ni Jonathan Kuminga. Mtoto wa Goma. Amezaliwa hapa mjini mwaka 2002, na kila mtoto anayerusha mpira kwenye mawe ya volkano anajua jina lake kuliko jina la gavana. Hakufanya kwa kusudi, ni mpira tu. Lakini nilipoona nani kaanguka juu ya nani, nilikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa kama habari imetumwa kwetu kwa anwani.

Mimi nahesabu siku tu. Tarehe 27 dunia nzima inamwita mwoga. Tarehe 30 anacheza na goti bovu. Wale walioimba Denver walikwenda nyumbani kulala. Mimi niliyeandika mzaha nilikula bugari langu na sombe. Aliyelala kwenye meza ya daktari ni yeye peke yake.

Tuseme pia habari ya sheria, kwa sababu vijana wengi wanabishana bila kuijua. Tangu msimu wa 2023-24 NBA inasema kwamba mchezaji asiyefikisha mechi 65 kati ya 82 hawezi kupata tuzo ya mchezaji bora. Maana yake ukikosa 18, umetoka. Sheria iliwekwa kwa sababu ya kweli: matajiri wa mpira walikuwa wakipumzishwa ovyo, na baba aliyelipa tiketi ya watoto wanne anafika uwanjani anamkuta nyota amevaa suti. Mwaka 2012 San Antonio iliwarudisha nyumbani nyota wake kabla ya mechi ya Miami, ikatozwa dola 250,000. Kwa hiyo siwatetei wanaokwepa kazi. Aliyelipa tiketi ana haki ya kukasirika. Lakini sheria ile ile ilimwambia Embiid mwenye goti bovu: kila siku unayopumzika inahesabiwa. Weka hesabu hiyo upande mmoja na kelele za "mwoga" upande mwingine, halafu mwulize mtu anayeshindana aketi kitini.

Kosa la kweli usiku ule wa Denver lilikuwa la timu. Philadelphia haikuwa imeandika jina lake kwenye orodha ya majeruhi, kama inavyotakiwa. NBA ilichunguza na kuitoza timu dola 75,000. Na mwezi wa kumi 2024 ilitozwa tena dola 100,000 kwa maneno yasiyolingana juu ya afya yake. Hapo ndipo uvumi unapozaliwa. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Wakubwa wakinyamaza, barabara inaanza kusema. Mara ngapi tumesikia kwamba mahali fulani pameanguka, watu wakabeba watoto usiku, asubuhi ikaonekana si kweli? Na mara ngapi tumeambiwa hakuna kitu, laleni, na kitu kikawa kipo? Embiid alikuwa anaumwa kweli na timu yake haikusema kwa wakati. Mashabiki wakajaza ukimya ule kwa neno walilolipenda.

Sisi waandishi tuna fungu letu pia. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2024, Embiid alimsukuma mwandishi wa gazeti la Philadelphia chumbani mwa wachezaji, akafungiwa mechi tatu. Kumsukuma ni kosa, na adhabu ni halali. Lakini mwandishi yule, akilalamika kwamba Embiid hajitunzi na hachezi, alikuwa ameingiza kwenye makala yake mdogo wa Embiid aliyekufa na mtoto wa Embiid anayebeba jina la marehemu. Arthur alikufa kwa ajali ya gari huko Kameruni mwaka 2014, akiwa na miaka 13, wakati kaka yake ndiyo kwanza amechaguliwa na Philadelphia. Hapa kwetu mtu akitaja marehemu wako katika ugomvi, watu wote wanajua kwamba ugomvi umetoka mahali pake. Nimeandika habari kwa miaka kadhaa sasa, na nilipoisoma ile nilijiuliza ni mara ngapi nimefanya hivyo bila kujua, kwa kutafuta sentensi nzuri tu. Ule mzaha wa godoro ulikuwa sentensi nzuri.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hawalisemi kwa sauti: pari. Wengi wanaolia kwamba Embiid ni mwoga waliweka pesa. Namjua kijana aliyeweka pesa ya mama yake ya makaa, akiwa na hakika kwamba mtu wa pointi 70 atawamaliza Denver. Alipopoteza hakuweza kusema "nimekosea kuchukua pesa ya mama". Ilikuwa rahisi kusema "Embiid amekimbia". Ninaelewa aibu yake, lakini goti la mtu huko Marekani haliwezi kubeba deni la makaa ya Mubambiro.

Sasa nirudi kwa yule papa wa kibandani.

Mnakumbuka nilivyosema, mzaha wangu ulikuwa wa tarehe 28 mwezi wa kwanza. Siku kumi baadaye, tarehe 7 mwezi wa pili, mabomu yalianguka Sake. Ninyi mnajua yaliyofuata, sina haja ya kuwasimulia. Barabara ilijaa kuanzia Sake kupita kwetu mpaka Mugunga: chukudu zimebeba mafurushi, mama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mbuzi, masufuria, wazee wamebebwa. Mimi nilitoka juu ya pikipiki. Mbele alikuwa dereva, katikati binti ya dada yangu, nyuma mimi, na kichwani nimeshikilia godoro kwa mkono mmoja. Tulipofika karibu na Mugunga kijana mmoja aliyenitambua akanipigia kelele kutoka kando ya barabara: "Embiid!"

Alikuwa amesoma mzaha wangu. Aliurudisha kwa mwenyewe, na alikuwa na haki.

Siku ile sikujiona mwoga. Nilijiona mtu mwenye mtoto wa dada yake. Na nikiwatazama wale waliokuwa barabarani sikumwona mwoga hata mmoja. Nilimwona mama aliyerudi nyuma mara mbili kuchukua mzee asiyekuwa wake. Nilimwona mwalimu aliyebeba daftari za wanafunzi badala ya nguo. Huyu papa wa kibandani, nimeuliza habari zake baadaye. Amehama mara nne tangu 2022. Mara nne ameacha shamba likiwa na kitu ndani. Watoto wake wote wako hai. Mtu anayejua kulima, akatembea mara nne akaacha maharage yake yakiozea ardhini ili watoto wapite, mnaweza kumwita vyovyote, lakini msimwambie kwamba hakuwa na moyo.

Bibi yangu alikuwa akisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mashairi ya kuwatia watoto usingizi. Wazee wetu walilisema wakiwa wameona vita vyao. Kicheko wanachokisema ni cha nyumba ambamo watu wote wamerudi jioni, na kilio kila mtu wa Masisi anakijua. Sisi tumelichukua neno hilo tukaligeuza, tunamcheka aliyerudi.

Najua pia neno hili linawafanyia nini vijana wa miaka 16 na 17. Kuna watu siku hizi wanaopita wakitafuta vijana wa kubeba silaha, na hawaji na mshahara mkononi. Wanakuja na swali moja: wewe ni mwanaume ao ni mwoga? Kijana aliyezoea kuchekwa kibandani kwamba ni Embiid, swali hilo linamkuta ameshalainishwa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko NBA yote. Mimi ninawaomba ninyi mnaochaji simu na kubishana: bishaneni juu ya pointi, juu ya tuzo, juu ya nani mkubwa kati ya Embiid na Jokić. Mimi mwenyewe kwa ufundi nampa Jokić, na mtanitukana kwa hilo, haidhuru. Lakini hilo neno moja liacheni. Na yule kijana, jina lake nalijua na silisemi hapa, anajua bache ya mzee iko wapi. Si mbali.

Wengine mtaniuliza: kwa hiyo Embiid hajawahi kukwepa mechi hata moja? Nimeshasema juu ya ile ya 2023. Na mwaka 2024 alisema mwenyewe kwamba pengine hatacheza tena mechi mbili za siku mbili mfululizo. Alilisema wazi, kabla msimu haujaanza. Kama hilo ni kukimbia, basi ni kukimbia kwa mtu anayeaga mlangoni na kueleza anakokwenda. Mwaka 2024 alikuwa na miaka 30, goti la kushoto lilikuwa limepasuliwa zaidi ya mara moja, na mwili ule ni wa zaidi ya mita mbili na sentimita kumi. Mtu anayelipwa pesa zile lazima aulizwe maswali, na mimi nitaendelea kuuliza. Nitauliza juu ya goti, nitauliza juu ya mkataba, nitauliza kwa nini timu inasema hivi leo na vile kesho.

Ratiba ilikuwa imeshatoka. Philadelphia walirudi Denver tarehe 21 mwezi wa kwanza 2025. Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 22. Kama mliniona kibandani siku moja kabla, nilikuja kuchaji. Papa wa Masisi nilimwomba aje tutazame pamoja kama mtandao ungekuwapo. Alisema basketi haijui, lakini angekuja kama kungekuwa na chai.